Kumsaka babu kwenye karatasi za sensa: mwongozo kamili kwa wenye ukoo Marekani

Babu yangu wa Tanga alikuwa akitaja mababu saba bila kuvuta pumzi. Mama mkwe wangu, aliyezaliwa Cleveland, Ohio, alikuwa anajua mababu wawili na nusu. Huyo nusu ni bibi mmoja aliyebaki jina la utani tu, pamoja na maneno "walitoka Alabama, walikuwa wakilima pamba". Nikiwa na wanangu wawili wenye damu ya pande zote mbili, niliona si haki upande mmoja ujae na mwingine uwe mtupu. Basi kwa miaka mitatu, jioni baada ya kazi, nimekuwa nikisoma karatasi za sensa ya Marekani. Mwongozo huu ni kwa wewe uliyeoa au kuolewa huku, au mwenye watoto huku, na kwa yeyote mwenye shina la ukoo katika nchi hiyo, hasa kwa Wamarekani weusi, ambao karatasi zao zina ugumu wa namna yake.

Kuna jambo moja lazima ulielewe kabla ya yote. Karani wa sensa hakuwa akimuuliza mtu babu yake ni nani. Aliuliza nani anaishi ndani ya nyumba hii, akaandika alichojibiwa na yeyote aliyekuwepo mlangoni. Unachokipata ni kaya ya siku moja, kila baada ya miaka kumi. Ukoo unaujenga mwenyewe kwa kuziunganisha kaya hizo, na makosa karibu yote yanatokea pale kwenye kuunganisha.

Anza na wazee, si kompyuta

Keti na mzee wa ukoo. Usimuulize "tueleze historia ya familia", atakwambia hakumbuki. Muulize vitu vidogo. Nani alikuwa akiwasuka nywele mlipokuwa wadogo? Likizo mlipelekwa kwa nani? Nani alizikwa wapi, na kanisa gani liliendesha ibada? Mama mkwe wangu hakukumbuka jina la babu wa mama yake, ila alikumbuka kwamba kila kiangazi walipanda treni kwenda kwa "Aunt" fulani, na kwamba kituo cha kushukia kilikuwa na ghala la pamba. Jina la kituo likatupa kaunti.

Kaunti ndiyo unayoitafuta kuliko kitu kingine. Sensa ya Marekani imepangwa kwa jimbo, kisha kaunti, kisha wilaya ndogo ya karani. Jina bila kaunti ni kutafuta sindano kwenye shamba la mkonge.

Omba pia vijitabu vya misiba. Wamarekani weusi huchapisha kijitabu cha ibada ya mazishi chenye picha, wasifu wa marehemu na orodha ya waliofiwa, na kila bibi ana boksi lake. Kwetu karatasi ya ratiba ya msiba inaishia kufungia maandazi. Kwao inahifadhiwa miaka hamsini. Katika boksi la mama mkwe tulikuta vijitabu kumi na saba, na kimoja cha mwaka 1961 kilitaja ndugu watano ambao hakuna aliyejua kuwa waliwahi kuwepo.

Angalia pia Biblia ya familia. Kurasa za katikati huwa na vizazi, ndoa na vifo kwa mkono.

Kipi kiko wazi

Marekani imefanya sensa kila miaka kumi tangu 1790, na karatasi zenye majina hufunguliwa kwa umma miaka 72 baadaye. Za 1950 zilifunguliwa tarehe 1 Aprili 2022, na hizo ndizo za karibuni utakazoziona leo. Za 1960 zinasubiri hadi 2032. Nyumbani usitegemee kitu cha namna hii: majina yaliyoandikwa na makarani wetu, Tanzania au Kenya, hayafunguliwi kwa umma, kinachotolewa ni jumla za takwimu.

Kuna miaka unayopaswa kuijua kwa moyo:

1790 hadi 1840 wameandika jina la mkuu wa kaya peke yake, waliobaki ni tarakimu kwenye makundi ya umri.

1850 na 1860 wameandika kila mtu huru kwa jina. Watumwa waliandikwa kwenye karatasi tofauti, chini ya jina la mmiliki, bila majina yao.

1870 ndiyo sensa ya kwanza iliyowataja kwa jina waliokuwa watumwa. Uhusiano ndani ya kaya haukuandikwa.

1880 imeongeza uhusiano na mkuu wa kaya, pamoja na jimbo walikozaliwa baba na mama wa kila mtu.

1890 sahau. Tarehe 10 Januari 1921 moto ulizuka kwenye jengo la Wizara ya Biashara mjini Washington, na kilichosalimika moto kikalowa maji ya kuzimia. Mabaki yaliachwa miaka kadhaa, kisha yakateketezwa kwa idhini ya Bunge. Kati ya watu karibu milioni 63, yamebaki majina kama elfu sita.

1900 ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kila mtu ana mwezi na mwaka wa kuzaliwa, waliooa wana idadi ya miaka ya ndoa, na kila mama ameulizwa amezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Swali hilo la watoto limerudiwa 1910, kisha likaachwa.

1940 ina alama ya msalaba ndani ya duara pembeni ya jina la aliyejibu maswali. Ndiyo sensa pekee ya zamani inayokwambia nani alikuwa akiongea. Inaonyesha pia mtu alikuwa akiishi wapi tarehe 1 Aprili 1935, jambo zuri sana kwa familia zilizohama.

Na hawa walihama. Kati ya miaka ya 1910 na 1970 Wamarekani weusi kama milioni sita waliondoka Kusini kwenda Chicago, Detroit, Cleveland, New York na kwingineko. Kwa hiyo tegemea ukoo wako kuwa wa mjini katika sensa mbili za mwisho, halafu ghafla kuwa wa shambani.

Kumpata wa kwanza

Fungua akaunti kwenye FamilySearch. Ni bure, inaendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na si lazima uwe muumini wake. Nyaraka za Taifa za Marekani nazo zimeweka sensa ya 1950 yote wazi kwenye tovuti yake. Tovuti za kulipia zipo, lakini kabla hujatoa kadi ya benki nenda maktaba ya umma ya mtaani kwako. Nyingi zimeshalipia na unazitumia pale pale bila gharama.

Anza na mtu aliyekuwa hai 1950 na ambaye una uhakika naye asilimia mia. Kwa mama mkwe ilikuwa rahisi: alikuwa na miaka mitatu, na anaukumbuka mtaa. Tukampata kwenye mstari wa kumi na moja, jina lake limekosewa herufi moja, baba yake anafanya kazi kiwanda cha chuma. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema huyo mpangaji aliyeandikwa chini yao alikuwa mjomba wa baba yake, na hakuna siku alilipa kodi.

Shika hilo la mpangaji, tutalirudia.

Jina likigoma

Faharasa unazozitafutia majina zimetengenezwa na watu waliojitolea, au na mashine inayosoma mwandiko, kutoka kwenye mwandiko wa karani aliyesikia jina kwa lafudhi asiyoizoea. Jina likikosekana usikate shauri kwamba mtu hayupo. Jaribu hivi, kwa mpangilio huu:

Ondoa jina la ukoo kabisa. Weka jina la kwanza, umri kwa kuzidisha na kupunguza miaka mitano, kaunti, na jina la kwanza la mke au mtoto. Mume anayeitwa John yuko kila mtaa. John mwenye mke aitwaye Parthenia ni mmoja.

Tafuta mtoto mwenye jina la ajabu kuliko wote. Watoto wenye majina ya kipekee ni zawadi kutoka kwa wazazi wao kwako wewe.

Jaribu herufi za mwanzo peke yake. Kusini wanaume wengi waliitwa kwa herufi mbili, na karani aliandika hivyo hivyo.

Fikiria kwa sauti. Kuna mfumo wa zamani uitwao Soundex unaogeuza jina kuwa herufi moja na tarakimu tatu ili majina yanayofanana kwa sauti yakae pamoja. Herufi ya kwanza inabaki. Irabu pamoja na h, w na y zinatupwa. Kisha b, f, p, v ni 1. C, g, j, k, q, s, x, z ni 2. D na t ni 3. L ni 4. M na n ni 5. R ni 6. Shields inakuwa S432, na Shealds inakuwa S432 vilevile. Lakini Robinson ni R152 na Robertson ni R163, ingawa karani aliyechoka anaweza kuzibadilisha bila hata kujua. Tovuti zinafanya hesabu hii zenyewe. Wewe ijue ili uelewe inashindwa wapi: herufi ya kwanza ikikosewa, mfumo mzima umeanguka.

Yote yakishindikana, fungua picha za wilaya nzima ya karani na usome ukurasa kwa ukurasa. Kaunti ya shamba yenye watu elfu mbili inamalizika kwa jioni mbili. Nimewahi kuwapata watu wanne hivyo ambao hakuna faharasa iliyowajua.

Kuusoma ukurasa wenyewe

Usiishie kwenye muhtasari wa tovuti. Fungua picha. Muhtasari unakupa jina, umri na mahali. Picha inakupa mtaa wote.

Kwanza soma kichwa cha ukurasa: jimbo, kaunti, namba ya wilaya ya karani, na tarehe aliyopita. Tarehe hiyo si siku ya sensa. Waliohesabiwa Tanzania 2022 wanakumbuka tulivyoulizwa nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, hata kama karani alifika siku nne baadaye. Marekani ni hivyo hivyo: siku ya sensa ilikuwa 1 Juni mwaka 1900, 15 Aprili mwaka 1910, 1 Januari mwaka 1920, na 1 Aprili kuanzia 1930. Kwa hiyo mtu yule yule aliyezaliwa Machi anapungua au kuongezeka mwaka mmoja kwa sababu ya kalenda tu, bila kosa la mtu.

Halafu kuna safu ya rangi. Utakuta W kwa mzungu, B kwa mweusi, M au Mu kwa chotara, na 1930 Neg, yaani "Negro", mweusi. Usiijengee nadharia. Karani aliandika kwa macho yake, na maelekezo yalibadilika: 1900 hapakuwa na herufi ya chotara, 1910 na 1920 ikarudi, 1930 ikaondoka na yeyote mwenye tone la damu nyeusi akawa Neg. Ndugu wawili wa baba na mama mmoja wanaweza kuwa Mu huku na B kule. Hao si watu tofauti.

"Do" au vistari viwili vidogo ni "kama hapo juu". Fuatilia juu hadi lilipoandikwa neno lenyewe, na usimruhusu karani akudanganye kwamba mtoto aliyezaliwa Georgia kazaliwa Alabama kwa sababu alichoka kuandika.

Rudi nyuma hatua kumi kumi

Chora jedwali kwenye daftari. Kila mtu mstari wake, kila sensa safu yake. Ndani andika umri na mwaka wa kuzaliwa unaotokana na umri huo. Usiruke sensa hata moja kwa sababu una haraka ya kufika utumwani.

Nikupe mfano wa bibi yule wa jina la utani. 1900 ameandikwa kazaliwa Machi 1861, umri 39, ameolewa, amezaa watoto 9, walio hai 6. 1910 ana miaka 45. 1920 ana 60. 1930, sasa mjane kwa mwanawe, ana 75. Ukiziamini zote ni wanawake wanne. Ukimweka kwenye jedwali unaona ni mmoja: watoto ni wale wale, jimbo la kuzaliwa ni lile lile, na jirani upande wa kulia ni yule yule kwa miaka ishirini. Umri wa mtu mzima sensani ni makadirio ya yeyote aliyefungua mlango. Kwa kawaida mimi huamini zaidi umri alioandikiwa alipokuwa mtoto, maana mtu anaweza kukosea miaka kumi kwa kikongwe, lakini si kwa mtoto wa miaka minane. Na 1870 tulimkuta, ana minane.

Sasa rudi kwenye ile tisa na sita. Kwenye ukurasa wa 1900 nyumbani kwake kuna watoto wanne. Wawili wakubwa tuliwakuta wameoa, nyumba ya tatu na ya tano. Hiyo ni sita. Watatu waliokufa walizaliwa na kuzikwa kati ya sensa ya 1880 na ile ya 1900, kwenye pengo la moto, na hakuna karatasi yoyote tuliyoipata yenye majina yao. Mama mkwe alihesabu kwa vidole mara mbili. Hakuwahi kusikia kwamba bibi huyo alizika watoto watatu.

Mitego ya udugu

Safu ya uhusiano inasema mtu ni nani kwa mkuu wa kaya. Haisemi ni nani kwa mke wa mkuu wa kaya. Watoto wameandikwa "son" na "daughter" chini ya baba, na wewe unadhani mama aliyepo ndiye aliyewazaa. Hesabu. Mke ana miaka 24, mtoto wa kwanza ana 13: huenda kuna mke wa kwanza kaburini. Sensa za 1900 na 1910 zinakusaidia, kwa sababu miaka ya ndoa ikiwa mitano na mtoto ana kumi na tatu, au mama amesema kazaa wawili na nyumbani kuna watano, basi umepata watoto wa kambo.

Mswahili ana faida hapa. Sisi tunajua kwamba mtoto wa kaka ni mtoto wangu, mama mdogo ni mama, na mjukuu anaweza kulelewa akamwita bibi "mama" hadi anaoa. Kusini ya Marekani ilikuwa hivyo hivyo, na karani aliandika alichotajiwa. Ukimwona mama wa miaka 52 na kichanga, uliza kwanza kuhusu binti wa miaka 17 aliyeko mstari wa juu.

Mkwe ndani ya nyumba ni hazina, nasema kwa upendeleo wa mkwe. Mwaka 1880, kaya ya babu mmoja ilikuwa na mwanamke wa miaka 55 aliyeandikwa "mother-in-law". Jina lake la ukoo ni tofauti na la mkuu wa kaya, basi huyo ni mama wa mke, na jina lake linaweza kuwa jina la mke kabla hajaolewa. Linaweza, kwa sababu naye huenda aliolewa mara ya pili. Wapangaji nao wachunguze mmoja mmoja. Yule mjomba wa 1950 aliyeandikwa mpangaji ndiye aliyetufungulia jina la ukoo la upande wa bibi.

Niungame na kosa langu. Kwa miezi mitatu nilipanda mti wa watu wengine. Nilimpata mwanamume mwenye jina lile lile, kaunti ile ile, umri wa kutofautiana miaka miwili, nikamchukua na baba yake na babu yake wote. Sikujua kuwa ni mwingine hadi nilipowakuta wote wawili kwenye sensa ya 1920, kila mmoja na mke wake, wametengana kwa kurasa nne. Tangu hapo nina sheria: kabla sijamkubali mtu, namtafuta mwenzake wa jina kwenye sensa hiyo hiyo. Wakiwepo wawili, nawafuata wote hadi niwatenganishe.

Majirani

Soma kurasa tatu kabla na tatu baada ya nyumba yako. Makarani walitembea nyumba kwa nyumba, kwa hiyo jirani wa kwenye karatasi mara nyingi ni jirani wa kweli, na watu hawakuhama peke yao.

Mfano bora ninaoujua ni wa ukoo wa Michelle Obama upande wa mama yake, uliochunguzwa na mtafiti Megan Smolenyak na kuchapishwa katika The New York Times mwaka 2009. Wengi wetu tunaujua ukoo wa mumewe kule Kogelo. Wa kwake ulihitaji karatasi. Mwaka 1850, mzee mmoja wa South Carolina aliandika wosia akigawa mali yake, na kati ya mali hiyo kulikuwa na mtoto wa kike wa miaka sita aitwaye Melvinia, ambaye baadaye alithaminiwa dola 475. Alipelekwa Georgia, kwenye shamba la Henry Shields lenye watumwa watatu tu, naye akiwemo. Mtoto wake wa kwanza, Dolphus, alizaliwa karibu 1859. Kwenye sensa ya 1870 Melvinia anaonekana kwa mara ya kwanza kwa jina lake, akiwa na watoto wanne, watatu kati yao wameandikwa chotara, na yeye ni kibarua wa shamba kwenye ardhi inayopakana na ya Charles Shields, mtoto wa Henry. Jirani huyo ndiye aliyewaelekeza watafiti. Miaka kadhaa baadaye vipimo vya DNA vya wazao wa pande zote mbili vilionyesha kwamba damu ya familia hiyo ya wazungu iko kweli kwenye ukoo.

Lakini kinachonivutia zaidi ni jirani wa pili. Baadaye Melvinia alihamia kaunti nyingine ya Georgia, na waliokuwa pamoja naye kule ni Mariah na Bolus Easley, watu aliokuwa nao shambani South Carolina tangu utotoni. Dolphus akamwoa binti yao Alice. Kama ungesoma mstari wa Melvinia peke yake usingejua kwamba alikuwa na watu wa kwao. Alifariki 1938, na kwenye cheti chake cha kifo, mahali pa majina ya wazazi, jibu ni kwamba hayajulikani. Michelle ni mtoto wa kilembwe chake.

Jambo moja zaidi kutoka hapo: kaunti ya Clayton, lilipo shamba lile, iliundwa 1858. Ukiitafuta kwenye sensa ya 1850 hutaiona, lazima uende kaunti za Henry na Fayette ilikomegwa. Angalia kila mara kaunti yako ilizaliwa lini.

Ukuta wa 1870

Hapa ndipo wengi wanakwama. Mwaka 1860 watu 3,953,760 walihesabiwa kama watumwa, na karibu wote hawana jina kwenye karatasi. Kuna jina la mmiliki, kisha mistari: mwanamume 40 mweusi, mwanamke 35 mweusi, msichana 6 chotara. Ukuta una milango, ila midogo, na unaifungua kwa zamu.

Tengeneza orodha ya kaya nzima ya 1870 na majirani weusi wenye jina la ukoo sawa. Toa miaka kumi kwa kila umri.

Orodhesha wazungu wenye ardhi karibu yao, hata kama majina ya ukoo hayafanani. Si kila aliyekombolewa alichukua jina la mmiliki wa mwisho. Wengine walichukua la mmiliki wa kwanza, la baba yao, au jina walilolitumia kwa siri miaka yote.

Tafuta kwenye rekodi za Freedmen's Bureau, ofisi ya serikali iliyowahudumia waliokombolewa kuanzia 1865 hadi 1872. Mikataba ya vibarua ya 1865 na 1866 mara nyingi imefungwa na mmiliki yule yule wa zamani. Tafuta pia kwenye daftari za benki ya Freedman's Bank, iliyofunguliwa 1865 na kuanguka 1874. Benki ilianguka na akiba za maskini, lakini fomu za wateja zilibaki, na nyingi zina majina ya wazazi, ndugu, na wakati mwingine bwana wa zamani. Alabama ilikuwa na matawi Huntsville na Mobile. Kwa wanaume wa Kusini waliotimiza miaka 21, tafuta uandikishaji wa wapiga kura wa 1867.

Ukishapata mmiliki unayemshuku, ndipo ufungue karatasi za watumwa za 1860 na 1850 na ulinganishe umri. Zikilingana umepata dalili. Ushahidi uko kwenye faili la mirathi: mmiliki akifa, mahakama ya kaunti iliorodhesha mali yake yote, na kati ya majembe na ng'ombe kuna majina ya watu na bei zao. Utasoma jina la babu kati ya jozi ya nyumbu na gari la kukokotwa. Jiandae. Mimi nilifunga kompyuta nikaenda kutembea.

Karatasi za kuhakikisha

Sensa moja haitoshi, pambanisha na nyingine. Cheti cha kifo kina majina ya wazazi, lakini angalia nani aliyetoa taarifa. Mkwe wa mjini hajui jina la bibi wa Alabama. Kadi za jeshi za 1917 na 1918 zina tarehe ya kuzaliwa iliyosemwa na mtu mwenyewe. Kwenye zile za Juni 1917, kona ya chini imechanwa kwa makusudi kwa wenye asili ya Afrika, hivyo ukiona kadi imechanika usidhani ni panya. Fomu ya maombi ya Social Security, mfuko wa pensheni wa serikali, iliyoanza 1936, ina jina la baba na la mama kabla ya kuolewa, ila vibarua wa mashamba na watumishi wa majumbani waliachwa nje hadi miaka ya 1950.

Kila unachokipata, andika hapo hapo: mwaka, jimbo, kaunti, namba ya wilaya ya karani, ukurasa na mstari. Pakua picha yenyewe. Kiungo cha tovuti kinaweza kufa.

Sisi sasa tuko kwenye faili la mirathi la mwaka 1857. Halijawekwa mtandaoni, kwa hiyo nimemwandikia karani wa mahakama ya kaunti barua ya nusu ukurasa: jina la marehemu, mwaka, ombi la nakala ya orodha ya mali peke yake, na bahasha yenye stempu ndani. Usimsimulie ukoo wako wote, ana kazi zake. Mama mkwe anapiga simu kila Jumatatu kuuliza kama posta imefika.